Jina Lililopita Hewani

Jovita ndiye aliyeniambia kwanza. Tulikuwa tunachambua maharage mbele ya nyumba ya mama mkwe wangu pale Izigo, mimi nikiwa na mimba ya miezi minane. Jirani yangu huyo akatazama njia juu na chini, kisha akashusha sauti. Akasema Kokubanza wa zahanati ya misheni huongea na wafu.

"Anamjua atakayekufa kabla hajafa," alisema. "Anajifungia kwenye kile chumba chake, anavaa vile vidude masikioni, anatajiwa majina. Akitoka hapo anachukua kahawa yake ya kutafuna anashika njia. Nyumba atakayoingia, mae, kesho yake wanachimba kaburi."

Nilimuuliza kama kwake amewahi kuingia.

"Aingie kwangu afuate nini? Nikimwona tu pale kwenye kona nafunga mlango. Akiuliza, nimekwenda Muleba, sipo."

Nilicheka, lakini mkono wangu ulikuwa umesimama juu ya ungo. Karugendo, baba wa mtoto niliyekuwa nimembeba, alikuwa kisiwani, na barua yake ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1993. Leo mtu akimtaja Ma Kokubanza mbele yangu kwa mdomo wa namna ile, namwambia akae chini kwanza, nimweleze huyo mama ni nani.

Alizaliwa Kagondo, Bukoba, akasoma hadi darasa la nne. Aliolewa, akakaa miaka sita bila mtoto, mume akamrudisha kwao. Vita vya Kagera vilipoanza alikuwa na miaka thelathini. Watu wa mjini wakakimbia na magodoro vichwani, naye akaenda kwa shangazi yake upande wa Muleba. Huko wanajeshi wa mawasiliano walikuwa wamepiga kambi kwenye shule, na Kokubanza akawa anawapelekea ndizi za kuchemsha na maji. Koplo mmoja aliyekuwa akishika redio alimruhusu kukaa mlangoni, mradi asiseme neno.

Akakaa, hakusema neno, akaangalia. Unabonyeza, unasema kifupi, unasema ova, unaachia, unasikiliza. Koplo alimwona midomo inamtembea, akamtania kwamba Wahaya kazi hii hawataiweza kamwe, maana salamu zao peke yake zitamaliza betri.

Siku moja malaria ikamwangusha koplo. Alikuwa amejikunja chini ya blanketi anatetemeka, redio inaita, inaita mara ya pili, ya tatu. Kokubanza akainuka, akabonyeza, akasema, "Mwenye redio anaumwa malaria. Mimi ni Kokubanza. Subirini. Ova." Upande wa pili redio ilikwaruza. Halafu mtu akacheka kidogo, akasema, "Mpe pole. Tunasubiri. Ova."

Kambi ilipovunjwa koplo alimwachia vidude vya masikioni vibovu, sikio moja limekufa. Akamwachia na neno. Alimwambia kwamba akizeeka ataona kila mtu anatembea na kituo chake mfukoni. Kokubanza alilirudisha neno hilo nyumbani, na ndugu zake wakacheka hadi wakashika mbavu. Wakamuuliza, na hiyo betri ya gari ataibeba nani? Kwa miaka mingi walimwita Mama Betri. Yeye alivifunga vile vidude kwenye kanga, akaviweka sandukuni pamoja na cheti chake cha ubatizo.

Mwaka 1989 zahanati yetu ya misheni ikaletewa redio kolu, ya kuongea na zahanati za visiwani na hospitali za Bukoba. Fundi aliifunga, akamfundisha karani kwa saa mbili, akaondoka. Karani aliiogopa kama nyoka. Ikawa inaita humo ndani, naye anatoka nje kufagia. Kokubanza alipata habari, akatembea hadi zahanati na vile vidude vyake vimening'inia shingoni, akasimama mbele ya Sista Skolastika, mkuu wa pale.

"Nimekuja kazini," alisema.

"Kazi gani?" Sista aliuliza.

"Hiyo inayoita humo ndani na hakuna anayeitika."

Kazi aliipata siku hiyo hiyo, na kwa mkono wa mtu aliyeishia darasa la nne sijasikia hata siku moja kwamba dawa iliyoagizwa ilikuja siyo.

Ila miaka ile haikuwa ya dawa tu. Siwezi kuieleza sana. Aliyekuwapo anajua, na asiyekuwapo atazame migomba yetu, aone makaburi yaliyojipanga katikati yake. Vijana wetu walikuwa visiwani wakivua sangara na dagaa, wakafa huko, na habari zao zilipita kwenye redio ya Ma Kokubanza. Angeweza kuandika kikaratasi akampa mpita njia yeyote. Hakufanya hivyo. Alifunga kahawa za kutafuna kwenye jani kavu la mgomba, akaenda kwa miguu, hata kama ni mlima. Aliingia, akasalimia salamu zote, zile ndefu alizokatazwa na koplo. Alisubiri mwenyeji akae. Alifungua jani, wote wakatafuna. Ndipo aliposema. Na akishasema hakuondoka mpaka majirani wafike.

Watu wakachanganya mleta habari na habari yenyewe. Ndiyo maana ya maneno ya Jovita. Ma Kokubanza aliyajua maneno hayo, na milango aliiona ikifungwa, lakini sikumsikia akilalamika.

Sasa nieleze jambo langu.

Nilijifungua mtoto wa kike mwezi wa pili. Kwenye ukoo ule mtoto hupewa jina na baba yake. Baba humpakata mbele ya wazee, hulitaja jina, nao hujibu kwamba wamesikia. Kabla ya hapo ni mtoto wa mama yake tu. Mimi na Karugendo tulikuwa tumeishi kisiwani miaka miwili, yeye akivua dagaa, na padri alikuwa hajatufungisha ndoa. Alipoanza kukohoa na kukonda alinituma nije kujifungulia kwa mama yake, Ma Ephrasia, akasema atafuata. Hakufuata. Hakuwa na nguvu tena ya kupanda boti.

Baba yake mkubwa, Ta Mwijage, alianza kuja kila jioni. Alikunywa rubisi yetu taratibu, huku macho yake yakitembea kwenye kibanja, shamba letu la migomba, mgomba kwa mgomba. Kijana yule akifa bila kumtaja mtoto, mimi ningerudi kwetu na mtoto wangu mgongoni, na kibanja kingerudi kwenye ukoo, na ukoo maana yake ni Ta Mwijage. Hakunitukana. Alimwambia tu Ma Ephrasia, mimi nikisikia, kwamba visiwani wanaume ni wengi kuliko dagaa, sasa mtoto huyu tumhesabie yupi? Ma Ephrasia alipomwonyesha barua ya mwanawe, alisema barua huandikwa na yeyote mwenye kalamu.

Mtoto akiwa na siku kumi na mbili nilimfunga mgongoni nikaenda kwenye ule mlango niliokuwa nauogopa. Nilikuta mama mfupi, amevaa sweta ya kijani, anapanguza mashine kwa kitambaa kama mtu anayempangusa mtoto uso. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunijibu mpaka nilipokaa.

"Anaweza kuongea?" aliuliza.

Nikasema sijui. Akageuka, akaita kisiwa. Akaitika Magesa, mhudumu wa zahanati ya huko. Magesa alisema mgonjwa anaongea kidogo, asubuhi, kabla ya homa kupanda.

"Basi kesho saa nne," Ma Kokubanza aliniambia. "Mlete mama mkwe wako. Na Ta Mwijage mlete."

Nikasema Ta Mwijage hatakubali kuja.

"Mwambie redio itamtaja jina, awepo asiwepo. Atakuja."

Sista Skolastika hakupenda. Redio ni ya wagonjwa na dawa, alisema, tena kila kituo kinasikia kila neno. Aibu ya nyumba moja itasambaa kutoka Bukoba hadi kisiwa cha mwisho. Ma Kokubanza alimsikiliza hadi akamaliza, kisha akamjibu kwa adabu kwamba ndiyo maana anaitaka redio hiyo. Mashahidi wengi namna hiyo atawatoa wapi pengine?

Sista alitazama saa ya ukutani. Halafu akasema, dakika kumi.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na sola iliyochaji betri ya redio haikuwa na jua. Ma Kokubanza aliizima redio tangu jioni ili betri ipumzike. Asubuhi tukafika, Ma Ephrasia amevaa kanga mpya, Ta Mwijage na koti lake la Jumapili. Ma Kokubanza alimkalisha Ma Ephrasia kwenye kigoda mbele ya mashine, akamchukua mtoto kwangu, akampakatisha bibi yake.

"Baba hayupo wa kumpakata," Ta Mwijage alisema.

"Mapaja haya ndiyo yaliyompakata huyo baba," Ma Kokubanza alisema bila kugeuka. Kisha akabonyeza. "Vituo vyote, hapa ni Izigo. Naomba msikilize, msiingilie. Leo kuna mtoto. Ova."

Magesa akaitika, na baada yake ikaja sauti. Ilikuwa nyembamba kama uzi. Ilisema, "Mimi Karugendo. Ova." Nilishika ukuta. Mimi niliyelala pembeni yake miaka miwili, sauti ile kidogo niikose.

Ta Mwijage aliona mwanya wake. "Huyo si Karugendo. Karugendo alikuwa na sauti ya fahali. Huyo ni mgonjwa yeyote mliyemwokota huko."

Mashine ilikuwa inavuma tu, na taa yake ndogo ilianza kufifia. Ndipo Ma Ephrasia aliponyoosha mkono akaomba kipaza sauti. Alianza kuongea bila kubonyeza. Ma Kokubanza akamshika kidole gumba, akakikandamiza mahali pake.

"Mwanangu," Ma Ephrasia alisema, "kitovu chako nilikizika chini ya mgomba gani?"

"Sema ova, mawe, mama yangu," Ma Kokubanza alimnong'oneza.

"Ova," alisema mama mkwe wangu, kama mtu anayeapa mahakamani.

Kwetu mgomba uliozikiwa kitovu haukatwi ovyo. Mkungu wake huliwa na watu wa nyumba ile tu, na mama hauonyeshi kwa wapita njia. Tulisubiri. Tulimsikia anavuta pumzi.

"Mgomba wa nshakala," ile sauti ilisema. "Ule wa nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kunolea. Ulikuwa unanisimulia kwamba mkungu wake wa kwanza..." Akapumzika. "Wa kwanza, Ta Mwijage aliukata usiku, akaupeleka kwenye harusi yake. Ukakaa mwaka mzima humsalimii. Ova."

Kabla mtu yeyote hajapumua, kituo kimoja kiliachia kicheko hewani, kisha sauti ya mwanamume ikasema, "Samahani Izigo. Ova."

Ta Mwijage alikuwa anaangalia dari. Jambo lile, ukimtoa Karugendo, walilijua watu watatu tu: yeye, Ma Ephrasia na mdogo wake, baba wa Karugendo, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena.

"Ule mgomba ulikuwa umeinamia njia," alisema hatimaye.

"Kwa hiyo ni yeye?" Ma Kokubanza aliuliza.

"Ni yeye."

Hakumwachia hapo. Alimletea kipaza sauti hadi kwenye ndevu. "Sema humu."

"Ni yeye," Ta Mwijage alisema, na visiwa vyote vikasikia. Akaongeza mwenyewe, "Ova."

Basi Karugendo akamtaja. "Mtoto huyu ni wangu. Jina lake Kemilembe." Alirudia mara mbili, ya pili kwa shida. Ma Kokubanza akanipa mimi kipaza sauti. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu usiku, yote yakapotea. Nilisema, "Ana masikio yako. Ova."

Nilimsikia akicheka. Kicheko hicho ninacho mpaka leo.

Kisha Ma Kokubanza alisimama. Sijui kwa nini alisimama, redio haioni mtu. Akasema, "Vituo vyote, mmesikia? Ova."

Wakaanza kuitika, mmoja baada ya mwingine. Bukoba, tumesikia. Ikuza, tumesikia. Bumbire, tumesikia, hongera mama. Goziba, tumesikia, na huyo wa mgomba tumemsikia pia. Watu ambao sijawahi kuwaona nyuso, hadi leo sijawaona, walimpokea mwanangu mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Ta Mwijage. Aliinama, akamtazama mtoto pale mapajani, akajibu kama inavyompasa mzee wa ukoo: "Tumesikia." Taa ya mashine ikazimika saa ile ile.

Karugendo aliishi wiki tatu baada ya hapo. Asubuhi moja nilikuwa jikoni nikamwona Ma Kokubanza anakuja njiani na jani lake mkononi. Nikasikia mlango wa Jovita unafungwa. Mimi wangu niliufungua hadi mwisho. Aliingia, tukasalimiana salamu zote, tukakaa, tukatafuna kahawa. Aliposema nilikuwa nimekwisha kujua, lakini nilikuwa nimekaa, na mkono wake ulikuwa begani kwangu. Mwili uliletwa kwa boti, tukamzika kibanjani, karibu na jiwe la kunolea. Ta Mwijage ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Habari ya mimi kurudi kwetu haikutajwa tena, na bado nipo. Miaka miwili baadaye nilipimwa damu, mimi na mtoto. Hatuna ugonjwa ule. Sijui kwa nini sisi, na sikuuliza.

Baada ya Kemilembe wanawake walianza kwenda pale na vichanga. Sista alitoa dakika kumi kila Alhamisi, dawa zikishaagizwa. Watoto saba wa hapa kwetu walipewa majina kwenye chumba cha yule mama asiyezaa, na wangu ndiye wa kwanza. Hili nalisema popote, kanisani, sokoni, hata pasipo na aliyeniuliza.

Sasa ni mwaka 2001. Mjini Bukoba mnara umesimama, na Kashai kuna maduka yameandika kwa rangi mlangoni, simu hapa. Zahanati nayo imepata simu ya mkononi. Redio imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pamewekwa chupa ya maua. Jovita ametumiwa simu na mwanawe. Nyumbani kwake haishiki, kwa hiyo hupanda kichuguu cha nyuma ya choo, na huko juu hupiga kelele hadi sisi wote tunajua mkwe wake amekosa nini. Aliyeogopa habari zinazopita hewani sasa anazipandisha za kwake kichuguuni mwenyewe.

Nilimuuliza Ma Kokubanza kama haoni uchungu. Alinishangaa. Koplo si alimwambia? Walimwita Mama Betri, na leo betri ni ndogo kuliko kipande cha sabuni. Anasema bado hatujaona. Mgonjwa wa kisiwani atamwita daktari yeye mwenyewe, wavuvi watajua bei ya sangara kabla hawajatia nanga, na watoto watasomea humo humo bila kusubiri kitabu kizungushwe darasa zima. Anasema hata uso utapita, mama atamwona mwanawe yuko ng'ambo anakula nini. Watu wanacheka. Jana walicheka betri, leo wanacheka uso.

Juma lililopita nilimwona anapanda njia ya kwangu na jani mkononi. Moyo uliruka, mazoea hayaishi. Akaniona.

"Kaa," alisema. "Hakuna aliyekufa."

Tulitafuna. Kemilembe alikuwa uani anaanika kahawa, ana miaka minane sasa, na masikio ni yale yale. Ma Kokubanza alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu atakuwa na simu yake, Georgina," alisema. "Itafika siku apate mtoto, na baba wa mtoto awe mbali, mbali kuliko Goziba. Jina litapita kwenye sikio moja tu, na siku wakikorofishana, sikio hilo litasema halikusikia. Mimi nitakuwa nimekwisha kwenda. Nakuomba siku hiyo uwaite watu. Jovita na wanawe, hata wajukuu wa Ta Mwijage. Wakae chini kwanza, watafune kahawa. Simu uiweke katikati yao. Na jina likishatajwa, asiinuke mtu mpaka kila mmoja amejibu kwamba amesikia. Utanifanyia hilo, mae?"